Namna ya kumfuatilia mbunge wako: alikotoka, alichofanya Dodoma, na nani wanamvuta mkono (kwa sisi wa Mtwara na Lindi)

Msimu wa korosho ulikuwa unaishia ishia, nipo kijijini kwa shangazi yangu tumekaa kibarazani tunabangua korosho za kula nyumbani, vidole vyake vyeusi kabisa kwa yale mafuta ya ganda, akaniuliza hivi: "We si ndo unashinda kwenye simu, hebu niambie, ile 2018 hela za korosho zilivyopelekwa zote Hazina, wabunge wetu walisema nini?" Nikakaa kimya. Kwenye simu nilikuwa na video kibao za waheshimiwa, wanagawa jezi, wanakata utepe wa zahanati, wanacheza sindimba jukwaani, lakini jibu la swali lake sikuwa nalo. Shangazi hakuishia hapo, akaongeza na maswali mengine mawili, wakipiga kura walikuwa upande gani, na wakija huku kwetu wanakuja wameongozana na nani.

Nikaona haya maswali matatu yanatosha kabisa kumpima mbunge yeyote, na nikatumia kama miezi mitatu kujifunza majibu yake yanapatikana wapi. Nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote wa kusini, uwe Newala, Nanyumbu, Masasi, Liwale, Nachingwea, Kilwa, popote, mwenye simu na bando kidogo. Usomi mkubwa hauhitajiki. Tafuta daftari la kawaida la kaunta, lipige mistari, upande mmoja uandike tarehe, kisha alichosema au alichofanya, kisha ushahidi uko wapi na ukurasa wa ngapi, mwisho kabisa uache nafasi ya kuandika nani alinufaika. Hiyo sehemu ya mwisho usiijaze haraka.

Kwanza historia yake

Ingia tovuti ya Bunge, parliament.go.tz, tafuta sehemu ya wabunge, kila mmoja ana ukurasa wake wenye picha, jimbo, chama, halafu kunakuwa na elimu, ajira na uzoefu wa siasa, na miaka ya kuanza na kumaliza. Nakili yote kwenye daftari kama ilivyo, hata kama unaona mengine hayana maana. Kisha yasome kwa miaka. Mtu ameandika alikuwa anafanya kazi Dar mpaka mwaka fulani na hapo hapo anasema alikuwa anasoma mkoa mwingine, sio lazima iwe uongo, watu wanasoma jioni au kwa masafa, lakini weka alama ya kuuliza pembeni ukaulize. Akiandika "mfanyabiashara" tu bila kusema biashara gani, weka alama mbili.

Watu wengi wanakimbilia digrii. Mimi naona tunapoteza muda, Katiba yenyewe kwenye Ibara ya 67 inataka mgombea awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mwanachama wa chama na amependekezwa na chama hicho, na kuna masharti mengine kama kutokuwa na hatia ya kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Digrii haimo. Kwahiyo mbunge wa darasa la saba hajavunja kitu, ila aliyedanganya elimu yake huyo ni habari nyingine kabisa, sababu kama anaweza kukudanganya kwenye cheti atakudanganya na kwenye bajeti.

Kinachosaidia zaidi ni kujua alipita njia gani kufika pale. Chukua mfano wa mzee Mkapa, wote tunajua ni wa Lupaso kule Masasi, lakini ukisoma historia yake unakuta amesoma Makerere, akawa mhariri wa magazeti, balozi, waziri, mbunge wa Nanyumbu, ndo akaja kuwa Rais 1995. Au Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa kuanzia 2010 hadi 2025 na Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi Novemba 2025, huyu taaluma yake ualimu, alishakuwa mkuu wa wilaya kabla ya ubunge. Ukiona njia ya mtu unaelewa anaongea na nani akiwa na shida, aliyepanda kupitia chama ana watu wake, aliyetoka kwenye biashara ana watu wake, aliyekuwa kiongozi wa ushirika naye ana watu wake. Andika hao watu.

Halafu toka kwenye simu uende kwa wazee. Kila kata ina mzee anayekumbuka nani alikuwa karani wa chama cha msingi mwaka ambao wakulima walidhulumiwa. Msikilize, andika, lakini kwenye ushahidi andika "maneno ya mzee" mpaka upate karatasi au mtu wa pili asiyekuwa ndugu yake.

Hansard, hapa ndo pa kukaa sana

Kila neno linalosemwa ndani ya ukumbi linaandikwa na kuwekwa kwenye Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, wenyewe wanaita Hansard, zipo kwenye tovuti hiyo hiyo kwa tarehe, ni faili za PDF, zingine kurasa mia mbili na zaidi. Shusha faili ukiwa na wifi ya mtu kama unaweza. Na usitegemee kwamba uliona kwenye runinga, sababu kuanzia Januari 2016 TBC waliacha kurusha mijadala moja kwa moja kama zamani, na waziri wa habari aliyelitangaza hilo bungeni alikuwa ni mbunge wa Mtama huku huku kwetu Lindi, Nape Nnauye. Mtu huyo huyo Juni 2018, akiwa hana tena uwaziri, alikuwa miongoni mwa wabunge wa kusini waliosimama kutetea hela za korosho. Nimemtaja ili uone kwanini siku moja haitoshi kumjua mtu, wa 2016 na wa 2018 ni yule yule, na yote mawili yameandikwa, daftari lako libebe yote mawili.

Ukifungua faili tumia sehemu ya kutafuta neno, andika jina la ukoo la mbunge, kisha urudie na neno korosho, kisha gesi, kisha jina la wilaya. Tafuta na ufuta, mbaazi, salfa, bandari, barabara ya uchumi. Ukishaanza kusoma kuna vitu vidogo vidogo ambavyo mimi mwanzoni nilivipita tu.

Cha kwanza ni herufi K.n.y. Ukikuta swali limeandikwa jina la mbunge mwingine, halafu K.n.y., halafu jina la mbunge wako, maana yake swali ni la mbunge wako ila siku ya kuuliza hakuwepo na mwenzake ndo kamuulizia kwa niaba yake. Mara moja sio neno, mtu anaumwa, ana safari. Ila ukihesabu kwa mwaka mzima ukaona K.n.y. zimejaa, hapo una kitu cha kumuuliza akija jimboni. Na ukiona yeye ndo anauliza kwa niaba ya wenzake, yupo ukumbini, mpe haki yake.

Cha pili ni maswali ya nyongeza. Swali la msingi linapelekwa mapema kwa maandishi na waziri anakuja na jibu limeshachapwa, mara nyingi jibu ni "Serikali itaendelea kutenga fedha kadri zitakavyopatikana." Sasa angalia mbunge wako anafanyaje baada ya jibu hilo. Wapo wanaosema "nashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali" na kuhamia swali lingine la kisima, na wapo wanaosema mheshimiwa waziri jibu hili ulilitoa pia mwaka jana, tarehe fulani, nini kimebadilika. Huyo wa pili anafanya kazi.

Cha tatu ndo kilimshangaza shangazi. Nilimsomea michango ya siku kadhaa za ule mjadala wa hela za korosho, taratibu, sentensi kwa sentensi, akanisimamisha. Mchangiaji alikuwa ameanza kwa kuunga mkono hoja mia kwa mia, halafu dakika zote zilizobaki analalamika mpaka kengele inalia. Shangazi akauliza, sasa ameunga au hajaunga? Nami sikuwa nimewahi kujiuliza. Kwa utaratibu wao mtu anaweza kuunga mkono hoja na bado akakosoa, ila mwisho wa siku kinachohesabika ni hoja imepita au haijapita. Kwahiyo ukinakili mchango nakili na sentensi ya kwanza na ya mwisho, usichukue tu ile ya katikati yenye moto ambayo ndo inakatwa na kurushwa kwenye magrupu.

Kuna na kushika shilingi. Wakati wa bajeti za wizara, Bunge likikaa kama kamati kupitisha mafungu, mbunge anaweza kuzuia shilingi kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kuridhisha, na wabunge wengine wanaruhusiwa kumuunga mkono au kumpinga. Hapa ndo unaona nani yuko tayari kubaki amesimama waziri akiwa amemkasirikia. Soma mpaka mwisho, sababu wengi wanashika shilingi na kuirudisha baada ya dakika tano bila kuahidiwa kitu, andika alirudisha kwa ahadi gani, na ahadi hiyo uifuate mwaka unaofuata kwenye bajeti ya wizara ile ile.

Kuhusu kura, mengi yanapita kwa sauti, wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na hapo huwezi kujua nani kasema nini. Bajeti kuu ya Serikali mwezi Juni ndo tofauti, majina yanaitwa moja moja na kila mmoja anajibu mwenyewe. Tafuta Hansard ya siku hiyo. Ukiisoma kumbuka kwamba Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kuvunja Bunge likikataa bajeti, yani anayesema hapana anajua na kiti chake kipo mezani. Sijasema hivyo kuwatetea, nimesema ili uelewe kwanini mtu analia kwa niaba yako Jumanne na wiki inayofuata anasema ndiyo.

Kosa nililofanya mimi

Niliwahi kuandika kwenye grupu la WhatsApp la kata kwamba mbunge fulani alikaa kimya kwenye jambo la pembejeo. Nilikuwa nimetafuta kwenye Hansard ya siku moja, jina halikutokea, nikaona nimemaliza. Watu walisambaza. Baada ya siku mbili kijana mmoja akanitumia skrinshoti, mbunge yule alikuwa amechangia siku iliyotangulia kwa maandishi, na michango ya maandishi kwenye zile taarifa inakuwa imewekwa huko mwishoni mwa mjadala, mimi sikufika. Nilimuomba radhi kwenye grupu lile lile kwa jina langu, na iliniuma kweli, sababu kuna watu waliosoma ya kwanza na ya pili hawakuisoma. Tangu hapo mtu simwandiki "hakusema" mpaka nimepitia siku zote za mjadala, maandishi yake, na tahajia zote za jina lake, maana jina moja linaweza kuandikwa kwa "Seleman" hapa na "Suleiman" kule.

Kwenye sheria usimdai asichoweza

Huku mtaani utasikia mbunge wetu hajaleta sheria hata moja. Ni kweli wachache sana wamewahi, miswada karibu yote inaletwa na Serikali. Mbunge anaruhusiwa kuleta muswada binafsi, lakini Ibara ya 99 inasema mambo ya kodi na matumizi ya fedha za umma Bunge haliyashughulikii mpaka Rais apendekeze kupitia waziri. Kwahiyo kumdai mbunge alete muswada wa kufuta ushuru wa korosho ni kumdai kitu kisichopo mkononi mwake. Mdai haya: alikuwa kwenye kamati gani muswada ulipopita, alipeleka jedwali la marekebisho au hakupeleka, na marekebisho yake yalikubaliwa au yalikataliwa. Majedwali hayo yanajadiliwa kifungu kwa kifungu kwenye Kamati ya Bunge Zima na yapo kwenye Hansard, ni sehemu inayochosha kuisoma kuliko zote na ndo sehemu ambayo sheria inatengenezwa kweli.

Chukua hii ya korosho ujifunzie. Sheria ya Tasnia ya Korosho ni ya 2009. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ulikuwa asilimia 15 ya bei au dola 160 kwa tani, chochote kilicho kikubwa, na asilimia 65 ya makusanyo ilitakiwa irudi kuendeleza zao, 35 iende Serikalini. Juni 2018 Sheria ya Fedha ikabadilisha, yote ikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Oktoba minada ikaanza, bei zikagomewa, Novemba 10 mwaka huo mawaziri wawili wa kilimo na biashara wakaondolewa, Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi tukayaona hapa Mtwara kwa macho yetu. Sasa fungua daftari, andika tarehe hizo kushoto, halafu kulia andika mbunge wako alikuwa anasema nini kabla, wakati ule, na kikao cha Januari kilichofuata ambapo wakulima wengi walikuwa bado wanasubiri malipo. Ni kurasa tatu tu za daftari lakini zinakuonyesha mtu mzima.

Fanya hivo hivo na gesi. Mei 2013 mji wa Mtwara uliungua kwa vurugu za gesi siku ambayo bajeti ya nishati ilisomwa, watu wa Mikindani na Chikongola wanakumbuka. Julai 2015 zikapitishwa sheria tatu kwa mpigo, ya petroli, ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na ya uwazi kwenye uziduaji, zote kwa hati ya dharura, yani hatua za kusubiri na kukusanya maoni zilibanwa, wabunge wa upinzani wakagoma na wengine wakatolewa nje. Anayekuambia alipigania gesi muulize siku zile za Julai alikuwa wapi, ukumbini, nje, au safarini.

Na kuna makato. Mkulima akipewa karatasi ya malipo anaona kakatwa hiki na kile na lawama zote zinaenda kwa mbunge. Ule ushuru wa mazao wa asilimia 3 ni wa halmashauri, mengine yamo kwenye mwongozo wa Bodi ya Korosho, mengine ni ya AMCOS, yani chama cha msingi cha ushirika, na chama kikuu, MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, yamepitishwa kwenye mkutano mkuu ambao pengine wewe mwenyewe hukwenda. Kabla hujamwandika mbunge jua kato lile liliamuliwa kwenye meza ipi. Ila mbunge naye ni mjumbe wa baraza la madiwani, kwahiyo ile ya halmashauri haikwepi.

Nani anamvuta mkono

Swali la tatu la shangazi ndo gumu, sababu wanaovuta mkono hawaandikwi sana. Mimi naanzia kwenye kitu rahisi, kanuni za Bunge zinamtaka mbunge mwenye maslahi ya kifedha kwenye jambo aseme kwanza anavyohusika ndo achangie. Tafuta neno "maslahi" kwenye Hansard. Utakuta mtu anasema "naomba nitangaze maslahi, mimi ni mkulima wa korosho", au ana kampuni ya usafirishaji, au ana kiwanda. Aliyesema muheshimu. Wa kuangalia ni yule ambaye hajawahi kusema na wewe unajua ana maghala.

Kujua kama kweli anayo nenda BRELA, wale wanaosajili biashara na kampuni, wana utaratibu wa kutafuta taarifa za kampuni kwa kulipia, unapata wakurugenzi na wanahisa. Zabuni za Serikali siku hizi zinapita mfumo wa manunuzi wa mtandaoni unaoitwa NeST na walioshinda wanatangazwa. Ukilinganisha majina hayo mawili unaweza kupata kitu, ila majina ya kusini yanafanana sana, Mohamedi Hamisi wapo mia, usimharibie mtu asiyehusika. Wanawe na wake zake wasiokuwa na cheo chochote waache kabisa nje ya daftari lako.

Mali zake mbunge anazitamka. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka apeleke tamko ndani ya siku 30 za kushika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na akiondoka. Linakwenda Sekretarieti ya Maadili, na kanda ya kusini wapo hapa Mtwara. Daftari la matamko halipo wazi kwa kila mpita njia, lina masharti yake, lakini ukiwa na mashaka yenye ushahidi unaweza kupeleka malalamiko kwao wakafuatilia wao.

Chama ndo mkono mkubwa kuliko yote na watu wanausahau kwa kuwa upo wazi mno. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka anapoteza ubunge, kwahiyo chama kikimfukuza au akihama kiti kinaondoka. Wa Liwale wanajua, 2018 mbunge wao alihama CUF kwenda CCM, Oktoba mwaka ule ule uchaguzi mdogo ukafanyika na akarudi bungeni na rangi nyingine. Ukisoma michango ya mtu wa namna hiyo igawe mara mbili kwa tarehe ya kuhama, angalia nini alikuwa anadai kabla na kama bado anadai baada. Kwa wabunge wa viti maalum angalia chama zaidi, sababu wao wanatoka kwenye orodha ya chama na sio kwenye jimbo. Na mbunge aliye waziri usimpime kwa maswali wala kushika shilingi, hayo hayafanyi, mpime kwa majibu aliyotoa na ahadi alizotimiza.

Halafu kuna hela za uchaguzi. Zamani kulikuwa na takrima, iliruhusiwa kisheria kuanzia 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Sasa kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inayotaka wagombea na vyama waeleze fedha zimetoka wapi, msimamizi ni Msajili wa Vyama. Kwa mtaani ushahidi wake ni macho yako. Nani alitoa magari ya kampeni, nani alitoa mafuta, nani alikaa meza kuu kwenye harambee ya madawati na kutangaza milioni tano. Andika siku ile ile, jina lililotajwa kwenye kipaza sauti hadharani, na kiasi. Ukishamaliza subiri. Miaka miwili baadaye aliyetoa mafuta akionekana ndo msambazaji wa pembejeo wilaya nzima, una mstari wa kuunganisha, lakini mstari huo ni swali, haujawa jibu. Na sio kila anayemvuta mbunge ni mbaya, sheikh na padri wanaokwenda kumwambia zahanati haina dawa nao wanamvuta, AMCOS wakimfuata kuhusu magunia wanamvuta, tunataka avutwe na hao. Shida ni wa kangomba, anayenunua korosho ya mwenzie ikiwa bado ua mtini, huyo akiwa na namba ya mbunge ya usiku na mkulima hana.

Hela za jimbo na barua ya halmashauri

Kuna Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ulianzishwa kwa sheria ya 2009, fedha zinakuja kupitia halmashauri na mwenyekiti wa kamati ni mbunge mwenyewe. Hapa hana pa kusema "Serikali haijaleta", hapa ni yeye na kamati yake. Dai orodha ya miradi na kiasi cha kila mmoja, kisha nenda kaone hayo mabati kama yapo. Linganisha na ripoti ya CAG, yani mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, ile ya serikali za mitaa, inatoka kila mwaka karibu na Aprili na ipo kwenye tovuti yao, tafuta jina la halmashauri yako.

Kama halmashauri hawatoi, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa wewe raia haki ya kuomba kwa maandishi na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi, taja taarifa moja tu unayoitaka na mwaka wake, usiweke malalamiko humo ndani, barua yenye hasira inawekwa chini ya mafaili. Peleka mwenyewe masijala, nakala mbili, wakupigie muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye nakala yako.

Kabla hujaweka chochote mtandaoni mpelekee mbunge au katibu wake kwanza, mpe siku kadhaa ajibu, na jibu lake uliweke pamoja na ulichokipata hata kama halijakufurahisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha taarifa za uongo, kwahiyo kila sentensi iwe na tarehe na ukurasa, maneno kama mwizi na fisadi yaache kabisa, weka maneno yake mwenyewe yalivyo kwenye Hansard watu wasome. Ukiwa na ushahidi wa rushwa peleka TAKUKURU, usiurushe kwenye grupu.

Mimi barua yangu ya mfuko wa jimbo ilikaa siku 24, nikajibiwa kwa kurasa mbili, miradi sita. Mmoja wapo ulikuwa ni choo cha shule kilomita nne kutoka kwa shangazi. Tulikwenda kwa bodaboda tukakikuta kimejengwa, matundu manne kama ilivyoandikwa, mawili hayana mlango, na mwalimu wa zamu akatuambia milango ililetwa ikiwa mifupi ikarudishwa. Shangazi akanisimamia mpaka nikaandika yote mawili, kwamba choo kipo, na kwamba milango haipo.